Husuni Kubwa juu ya meza: shajara ya kuijenga ikulu ya Kilwa kwa skeli ya 1:100

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, au kijana yeyote mwenye mikono mizuri, atakayetaka kujenga mfano wa Husuni Kubwa bila kuyarudia makosa yangu. Nafundisha Historia hapa Kilwa Masoko. Kila hatua ikikamilika nitaongeza ingizo, na gharama nitazitaja kwa shilingi.

20 Januari 2024: Wazo na ramani

Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili wachore kasri lililojengwa juu ya kilima. Darasa zima lilinichorea minara ya duara yenye vilele vilivyochongoka, bendera, na daraja la kunyanyuliwa kwa minyororo. Hakuna hata mmoja aliyechora kitu kinachokaribia Husuni Kubwa, na Husuni Kubwa iko ng'ambo ya maji, safari fupi ya boti kutoka gati letu. Watoto wengine wana bibi zao huko huko kisiwani.

Siwalaumu. Anayefika leo anakuta kuta zilizobomoka, majani, na ukingo wa mwamba unaotazama bahari. Aliyekuwa na ramani mkononi ndiye anayejua kwamba amesimama sebuleni kwa sultani. Nikaamua kuijenga tena ikiwa ndogo ya kutosha kuwekwa juu ya meza, ili mtoto aizunguke na kuchungulia ndani.

Kwa ufupi, kwa asiyeijua: Husuni Kubwa ni ikulu iliyojengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyeitwa kwa jina la sifa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Imekaa kwenye rasi ya mwamba, mashariki ya mji mkongwe wa Kilwa Kisiwani. Ina vyumba zaidi ya mia moja. Upande wa kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vya ghala. Upande wa kaskazini, kuelekea ncha ya mwamba, ndiko kwenye makazi, uwanja wa baraza wenye ngazi za kukalia, na bwawa la pembe nane. Ilikaliwa muda mfupi tu, ikaachwa kabla haijakamilika. Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyeichimba miaka ya 1960, na ramani ninayoitumia inatokana na kazi hiyo.

Ramani niliichapisha kwenye karatasi mbili za A4, moja ya kusini na moja ya kaskazini. Nimechagua skeli ya 1:100, sentimita moja kwa mita moja, kwa sababu mwanafunzi anaihesabu kichwani bila kikokotoo.

Gharama: kuchapisha na kutoa nakala, 4,500.

10 Februari 2024: Safari ya kwanza

Tulivuka watu watatu, mimi na wanafunzi wawili. Kibali cha kutembelea magofu kinachukuliwa huku Masoko kabla ya kupanda boti. Msisahau, maana ukifika ng'ambo bila kibali unarudi ulikotoka.

Tulipiga picha, tukachora vichoro vya haraka, tukateremsha kamba yenye jiwe kutoka ukingoni ili kupata kimo cha mwamba. Kosa langu siku hiyo lilikuwa la mtu anayedhani picha zinatosha: sikupima chumba hata kimoja kwa futi. Picha haikuambii upana wa chumba. Atakayekwenda aende na futi ya mita tano na daftari, apime angalau vyumba sita, vitatu kila upande. Mtaona mbele kwa nini.

Gharama: boti na vibali, 48,000. Jumla 52,500.

2 Machi 2024: Jaribio la kwanza, ngome isiyokuwepo

Nilianza na kitu cha bure: ile foamu nyeupe inayopakiwa pamoja na televisheni mpya. Inakatika kwa wembe, nyepesi, na inakaa wima. Nikanunua gundi ya viatu, kwa sababu ndiyo niliyozoea kuiona inashika kila kitu. Nikapaka, nikabana kuta mbili pamoja, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta shimo. Gundi ile ilikuwa imeila foamu, imeiyeyusha kama sukari kwenye maji ya moto. Foamu na gundi yenye harufu kali ya petroli havikai pamoja. Kwa foamu tumia gundi nyeupe ya mbao, au vijiti vya meno kama misumari.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa nililifanya kwa furaha na kwa wiki tatu nzima. Neno husuni maana yake ni ngome, na asili yake ni Kiarabu, hisn. Basi nikajenga ngome. Nilizungushia ikulu yote ukuta mrefu, nikauchonga juu meno meno ya wapiga mishale, nikaweka minara minne kwenye pembe na lango zito upande wa kusini. Ilipendeza sana. Nikaipeleka darasani, watoto wakapiga makofi, nami nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Gharama: gundi ya viatu 7,000, wembe na visu vya kukatia 6,000. Jumla 65,500.

23 Machi 2024: Kubomoa

Aliyeniamsha ni mwanafunzi wa kike anayekaa dawati la nyuma na ambaye haongei mara nyingi. Aliuliza, "Mwalimu, hao adui wangekuja kutoka wapi? Mbona ghala zote ziko mbele, langoni kabisa, na sultani yuko nyuma kwenye bahari?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kuitazama ramani, na safari hii niliitazama bila jina. Minara niliyoiweka haimo. Ukuta wa meno haumo. Nilikuwa nimejenga picha ile ile waliyoichora watoto mwezi Januari, tofauti ni kwamba mimi niliijenga kwa gundi.

Ni mfungo wa Ramadhani, na boti si nyingi, lakini nilivuka tena, peke yangu. Nahodha ni mtu mzima, nikamwamkia na kumweleza shida yangu wakati tunakata maji. Akaunyoosha mkono kulia, kwenye gofu la pwani liitwalo Gereza. "Mwalimu, ngome si ile? Ile ndiyo ya bunduki. Huko unakokwenda palikuwa nyumbani kwa mtu."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Gereza limesimama pale Wareno walipojenga ngome yao mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuvamia na kuupora mji. Jengo tunaloliona sasa ni la enzi za Waomani. Na hata ukitafuta kuta nene za zama za al-Hasan bin Sulaiman zenye vitu kama minara, zipo, ila ni za Husuni Ndogo, jirani tu na hii Kubwa. Husuni Ndogo ni boma la mstatili lenye ukuta mzito na minara midogo inayojitokeza nje. Wataalamu bado wanabishana lilikuwa la kazi gani. Jina linaloitwa na watu wa baadaye si hati ya ujenzi.

Nilikaa muda mrefu kwenye uwanja wa baraza. Ngazi zake ni za kukaa watu wengi wakitazamana, na kwenye kuta kuna vidaka vya kuwekea taa. Mswahili yeyote aliyewahi kukaa barazani jioni anaelewa mahali hapa pasipo kuelezwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika miaka hiyo hiyo ya ujenzi, akamkuta sultani huyu na kumsifu kwa ukarimu: anasimulia jinsi fukara wa kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa, siku ya Ijumaa akitoka kuswali, na sultani akampa. Mtu wa namna hiyo anahitaji mahali pa kuonekana na watu. Ukuta wa meno meno ungemficha.

Vile vile uwanja wa kusini ulibadilika machoni pangu. Zile ghala ziko mbele kwa sababu mbele ndiko kazi ilikofanyika. Dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa Kilwa, na nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka ng'ambo ya bahari vilipitia hapo kwenda kusini na bara. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Ikulu hii ilikuwa na duka mbele na nyumba nyuma, kama nyumba nyingi za wafanyabiashara wa pwani hadi leo.

Safari hii nilikwenda na futi. Nilipima vyumba sita, vyote vikawa chini ya mita tatu kwa upana. Namba hizo niliziandika daftarini, na miezi mitatu baadaye ndizo zilizoniokoa.

Jumapili niliing'oa minara yote minne. Wanafunzi wawili walisikitika. Niliwaachia mmoja, wameuweka dirishani.

Gharama: boti na kibali, 26,000. Jumla 91,500.

18 Mei 2024: Ubao

Aprili yote haikuwa na kazi. Masika yalikuwa makali, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilipita pwani, barabara ya Dar ikakatika eneo la Somanga. Plaiwudi niliyoagiza ya milimita 12 ilichelewa, na ilipofika ilikuwa imelowa pembe moja. Ikilowa, iache ikauke kivulini ikiwa imelala juu ya vipande vya mbao, si kuegemezwa ukutani. Ya kwangu niliiegemeza siku mbili ikapinda, ikabidi niilaze wiki nzima chini ya matofali.

Halafu nikagundua kwamba ubao mzima wa futi nane kwa nne, ukishakuwa na mwamba na kuta juu yake, hautapita mlangoni darasani bila kulazwa ubavu. Mfano wa kuta za maboksi haulazwi ubavu. Nilishukuru kwamba nimeligundua kabla ya kujenga. Fundi seremala aliukata vipande viwili, na mstari wa kukata tuliuweka pale uwanja wa kusini unapoachana na makazi ya kaskazini. Vinaunganishwa kwa chini na boliti nne. Unaweza pia kufundisha kipande kimoja kimoja: siku ya biashara unaleta kusini, siku ya utawala unaleta kaskazini.

Mwamba tuliujenga kwa tabaka za maboksi, kila tabaka dogo kidogo kuliko la chini yake. Kazi ya siku mbili, haina siri.

Gharama: plaiwudi na usafiri 65,000, fundi na boliti 12,000. Jumla 168,500.

15 Juni 2024: Kijiti cha meno kinapima ikulu

Ingizo hili ndilo ninaloomba lisomwe polepole.

Foamu niliiacha kabisa. Kuta sasa ni za maboksi magumu yaliyogundishwa mawili mawili kwa gundi nyeupe, unene wa milimita tano, sawa na nusu mita kwa skeli yetu. Nilianza na uwanja wa kusini, vyumba vyake vikakaa vizuri. Nikahamia kaskazini, nikajenga vyumba kumi na vinne kwa muda wa wiki moja na nusu.

Kisha ikafika zamu ya dari. Majengo ya mawe ya pwani yetu yaliezekwa kwa boriti za mikoko, zikapangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vikawekwa vipande vya mawe na chokaa, ikapigwapigwa mpaka ikashikana. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na ikizidishwa inapinda kwa uzito wa chokaa. Ndiyo maana vyumba vya zamani kutoka Lamu hadi Kilwa ni virefu na vyembamba, chini ya mita tatu: upana wa chumba umeamuliwa na mti. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba.

Kijiti cha meno kina urefu wa sentimita sita na nusu. Ukikikata katikati unapata sentimita tatu na robo: chumba cha mita mbili na nusu au zaidi kidogo, na ncha mbili za kulalia ndani ya kuta. Unene wake ni milimita mbili, sawa na boriti ya sentimita ishirini. Sikuweza kuomba kitu kinachofaa zaidi, na kinauzwa kila duka. Nilitengeneza kibao chenye mfereji na alama moja, wanafunzi wakakata mamia kwa urefu mmoja.

Kusini vijiti vilikaa. Kaskazini vilidondoka ndani ya vyumba. Vyote. Havikufika ukuta wa pili.

Kwanza nililaumu ukataji, nikapima vijiti, viko sawa. Nikafikiri labda upande wa sultani waliruhusu vyumba vipana zaidi, kwa kuwa ni sultani. Fikira hiyo ilinivutia, na karibu nikubali nikate vijiti virefu zaidi. Kilichonizuia ni daftari la Machi: vyumba vitatu nilivyovipima kaskazini kwa futi yangu vilikuwa sawa na vya kusini. Mkoko haumjui sultani.

Nikachukua karatasi mbili za ramani nikaziweka sambamba. Mstari wa skeli uko kwenye ukurasa wa kusini peke yake. Ukurasa wa kaskazini, kule steshenari, printa iliukuza ili ujaze karatasi. Ulikuwa umeongezeka zaidi ya robo. Nilikuwa nimejenga nusu ya ikulu kwa 1:100, na nusu nyingine kwa skeli isiyo na jina.

Vyumba kumi na vinne vilibomolewa. Lita moja ya gundi ilipotea, na siku kumi za kazi. Nilipowaambia wanafunzi, niliwaeleza pia kwamba kosa halikugunduliwa na ramani wala na kompyuta. Liligunduliwa na kijiti, kwa sababu kijiti kilikuwa kinafuata sheria ile ile waliyoifuata mafundi wa mwaka 1320.

Kwa anayenakili kazi hii: kabla ya kuchapisha, chora kwa rula mstari wa sentimita kumi kwenye kila ukurasa wa ramani. Karatasi ikitoka, pima mstari huo kwanza. Na ujenge chumba kimoja kila upande, ukiezeke kwa vijiti, ndipo uendelee.

Gharama: gundi lita mbili 18,000, vijiti pakiti tisa 4,500, kuchapisha upya 2,500. Jumla 193,500.

20 Julai 2024: Chokaa

Kaskazini imejengwa upya, sasa inakaa kwenye vijiti vyake. Nusu ya vyumba nimeviezeka, nusu nimeviacha wazi ili watoto waone ndani.

Kupaka kuta kulinigharimu wiki tatu. Nilianza na jipsamu ya unga, nikiamini kwamba inakauka haraka na ni nyeupe. Inakauka haraka kweli, mpaka kwenye bakuli kabla hujafika ukutani. Maji yake yaliingia kwenye maboksi, kuta za ghala zikavimba na kupinda, na ilipokauka ikapasuka na kudondoka kwa vipande.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa chokaa miaka mingi. Nikamwamkia, akaniitikia, akakitazama kipande nilichomletea akakigeuza mara mbili.

"Mwanangu, hii umeilazimisha," akasema. "Chokaa huilazimishi. Unaipa maji, unaipa siku."

Alinieleza walivyokuwa wakiichoma zamani: magogo yanapangwa duara, juu yake vipande vya matumbawe, tanuu linawashwa na kuwaka usiku na mchana hadi mawe yanakuwa meupe na mepesi. Kisha yanamwagiwa maji yanafumuka kuwa unga, na unga huo unaachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Chokaa haikauki kama matope. Inavuta hewa na kurudi polepole kuwa jiwe, kwa hiyo ukiipaka nene juu inafunga na ndani inabaki mbichi, ndipo inapopasuka. Ukiianika juani maji yanaikimbia kabla haijashika.

Matumbawe hatukuyagusa, yaacheni baharini. Tulitumia mfuko wa chokaa ya dukani. Utaratibu uliofanya kazi ni huu. Maboksi yalipakwa kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, yakakauka kabisa, ili yasinywe maji ya chokaa. Chokaa ililowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko siku kumi. Mchanga wa pwani tuliuosha mara tatu kuondoa chumvi, tukaupitisha kwenye chekeche la unga. Chokaa kikombe kimoja, mchanga vikombe viwili, gundi kijiko kimoja. Tabaka la kwanza jembamba kama karatasi, kwa brashi. Siku ya pili ukuta unaloweshwa kidogo, unapakwa tabaka la pili. Siku ya nne la tatu. Muda wote mfano umefunikwa gunia lenye unyevu.

Nyufa zilizobaki ni mbili, zote uwanja wa kusini, kwenye kuta zilizopinda na jipsamu. Nimeziacha.

Gharama: jipsamu 15,000, chokaa 12,000. Jumla 220,500.

24 Agosti 2024: Kuba, bwawa, na swali la mji wa mbao

Si dari zote za Husuni Kubwa zilikuwa za boriti. Baadhi ya vyumba vilifunikwa kwa kuba na matao ya mawe na chokaa, na hapo ndipo mafundi wa Kilwa walipofika kiwango ambacho pwani yote haikuwa nacho. Sultani huyu huyu ndiye anayehusishwa na upanuzi wa Msikiti Mkuu wa mjini kwa kuba na matao. Kwa sehemu zinazohitaji kuchongwa kwa uzuri, mafundi walikata tumbawe laini kutoka majini, wakalichonga likiwa bado bichi, likaja kuwa gumu baada ya kukauka.

Kuba zetu tulizitengeneza kwa gololi kubwa za sentimita mbili na nusu. Gololi inapakwa mafuta ya kupikia, inafunikwa nusu yake kwa mchanganyiko wa chokaa na gundi kwa tabaka tatu, na baada ya siku tano inachomolewa. Gololi mbili za kwanza hatukuzipaka mafuta. Bado zimo ndani ya kuba zao, na kuba hizo tumezipanga nyuma.

Bwawa la pembe nane walilichora wanafunzi wenyewe kwa bikari. Tulipaka buluu, halafu tukaifuta: lilifanana na bwawa la hoteli, na watoto wakaacha kulitazama kama kazi ya watu wa kale. Sasa ni la chokaa tupu. Wakiliangalia kavu wanauliza wenyewe swali lenye maana, kwamba katika kisiwa kinachoishi kwa visima, nani aliyabeba maji hadi juu ya mwamba? Kila mara darasa linanyamaza kidogo hapo. Uchungu wa kazi hiyo uko upande wa watu ambao majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe, na nataka watoto wawafikirie hao pamoja na sultani ambaye jina lake lilichongwa.

Swali jingine lililonipendeza: "Mwalimu, mbona Ibn Battuta anasema mji umejengwa kwa mbao?" Ni kweli, maneno yake yanasomeka hivyo, ingawa anausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Niliwaambia waweke vitu vitatu pamoja: msafiri aliyekaa muda mfupi, mji ambao watu wake wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo kama vijiji vyetu, na ikulu iliyokuwa bado inajengwa nje ya mji. Tumeongeza pembezoni mwa ubao nyumba kumi za fito na makuti. Bila hizo mfano ulikuwa unadanganya.

Gharama: gololi 2,000, rangi 8,000. Jumla 230,500.

28 Septemba 2024: Tulipoachia

Nilitaka kuimalizia. Kuta zote ziwe kamili, dari zote, ngazi ya kaskazini inayoshuka ufukweni iwe nyeupe na safi. Tuliijadili darasani vipindi viwili. Hoja iliyoshinda ni kwamba ikulu yenyewe haikukamilika, kwa hiyo mfano uliokamilika ungekuwa wa jengo ambalo halijawahi kuwepo, sawa na minara yangu ya Machi.

Basi tumekubaliana rangi tatu. Kuta zinazoonekana leo kwenye gofu ni nyeupe ya chokaa. Sehemu tulizozijenga kwa kufuata ramani ya uchimbaji ni kijivu hafifu. Sehemu ambazo ni makisio yetu, hasa vimo vya kuta na baadhi ya kuba, ni boksi tupu bila chokaa, kahawia yake ikionekana. Anayetazama anajua papo hapo amwamini nani na wapi. Kama ningeanza upya ningepanga rangi hizi siku ya kwanza, kwa sababu kuikwangua chokaa kwenye kuta za makisio kulituchukua siku nne na kulivunja vijiti visivyopungua hamsini.

Hesabu ya mwisho ni shilingi 230,500. Kati ya hizo, 33,500 ziliteketea kwa makosa: gundi ya viatu, jipsamu, lita ya gundi ya vyumba kumi na vinne, na kuchapisha upya. Anayefuata shajara hii atatumia 197,000, na akiwa tayari na vipimo vya vyumba bila kulipia boti, 123,000.

Mfano uko darasani, kusini na kaskazini vimeunganishwa, umefunikwa kwa khanga kuukuu kuzuia vumbi. Jumamosi ijayo tunavuka na futi mbili kwenda kupima Husuni Ndogo. Yule wa dawati la nyuma ndiye atakayeshika daftari.